Kofia ngumu kwanza: Namna ya kuchagua kinga na kuendesha baiskeli kwa usalama Unguja

Baiskeli ni chombo cha kila siku katika kisiwa cha Unguja. Humpeleka mwanafunzi skuli asubuhi na chuoni alasiri, humfikisha mvuvi dikoni na mkulima kondeni, na hubeba mikate, samaki, madafu na majani ya ng'ombe hadi mlangoni mwa mnunuzi. Sambamba na baiskeli hizo za kazi, baiskeli za milimani, zenye matairi mapana, gia nyingi na springi mbele, zimekuwa jambo la kawaida mjini na mashamba. Vijana huzipenda kwa mwendo wake, na wageni huzikodi ili kuvitembelea vijiji, misitu na fukwe.

Aina hii ya baiskeli ilianza kujulikana katika miaka ya 1970 kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais, California, nchini Marekani, na mwaka 1996 ikaingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Atlanta. Unguja haina milima, lakini ina mawe ya matumbawe, mchanga, mizizi na njia za ng'ombe, na katika ardhi ya namna hiyo baiskeli hizi hufanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya njia ngumu humpa mwendeshaji ujasiri wa kwenda kasi, ilhali wengi huipanda kichwa wazi na wakiwa wamevaa ndara.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kinga zinazofaa kwa mazingira ya Unguja, namna ya kutambua kofia ngumu isiyofaa hata kama inang'aa, na mambo ambayo kinga peke yake haiwezi kuyazuia.

Kwa nini kichwa kitangulizwe

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao ni watumiaji wa barabara wasio na kinga ya bodi ya gari: waenda kwa miguu, waendesha pikipiki na waendesha baiskeli. Mfupa wa mkono uliovunjika huunga, na ngozi iliyochubuka huota upya, lakini ubongo ulioumia mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Familia inaweza kujikuta inamuuguza kwa miaka mingi kijana ambaye jana yake alikuwa tegemeo la nyumba.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 40 zilizohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa. Uchambuzi huo ulionesha kuwa uwezekano wa kupata jeraha kubwa la kichwa ulikuwa mdogo kwa takribani asilimia 69 miongoni mwa waliovaa kofia ngumu, ukilinganishwa na wale ambao hawakuivaa.

Siri ya kofia hiyo haipo katika gamba la nje linaloonekana. Ipo katika povu gumu la polistirini lililo ndani. Kichwa kinapogonga chini, povu hilo hupondeka, na kwa kupondeka kwake hupunguza kasi ya kichwa taratibu badala ya kukisimamisha ghafla. Povu hufanya kazi hiyo mara moja tu. Likishapondeka halirudi katika hali yake, hata kama gamba la nje halina alama yoyote.

Ni muhimu pia kujua mpaka wa kinga hiyo. Katika kipimo cha Ulaya kijulikanacho kama EN 1078, kofia huangushwa juu ya bamba bapa la chuma kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, sawa na takribani kilomita 19.5 kwa saa. Hiyo ni kasi inayokaribiana na ya kichwa cha mtu anayeanguka kutoka kwenye baiskeli. Kofia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kupambana na daladala inayokwenda kilomita 60 kwa saa. Anayeivaa amejikinga na anguko, lakini kwa lori bado anahitaji busara.

Ijue ardhi unayopita

Kinga hununuliwa kwa kuzingatia anguko linalotarajiwa, na anguko hutegemea ardhi. Wakulima wa Unguja wameipa ardhi yao majina tangu zamani, na majina hayo yanamfaa pia mwendesha baiskeli.

Upande wa magharibi na katikati ya kisiwa, kwenye minazi na mikarafuu, kuna kichanga na kinongo. Kichanga kikavu humeza gurudumu la mbele na kumrusha mwendeshaji kwa upande. Kinongo, udongo mwekundu wenye rutuba, hupitika vizuri wakati wa kiangazi, lakini mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, huugeuza kuwa utelezi unaojaza matope kwenye breki. Katika ardhi hizi mtu huanguka zaidi kwa ubavu, na viungo vinavyoumia ni kiganja, kiwiko na bega.

Upande wa mashariki na kusini kuna uwanda na maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe ambayo udongo wake ni mchache. Hapo hatari hubadilika. Jiwe la matumbawe lina ncha kali, hukata tairi na ngozi, na huacha jeraha chafu lenye vipande vidogo ndani yake. Anayepita mara kwa mara katika njia za maweni anahitaji kinga za magoti, glavu zinazofunika vidole vyote na viatu vilivyofungwa. Hizo si mapambo ya wanamichezo.

Ufukweni, kwa mfano kati ya Paje na Jambiani, mchanga uliolowa huwa mgumu na wa kupendeza kupita maji yanapokupwa. Lakini siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takribani mita 4, na maji hurudi kwa kasi inayowashangaza wageni. Anayekwenda pwani aulize wenyeji saa ya maji kabla ya kuondoka, na ajiepushe na vigingi na kamba za mashamba ya mwani, kwa usalama wake na kwa heshima ya jasho la akina mama wanaoyalima.

Namna ya kuchagua kofia ngumu

Kofia ya bei kubwa isiyokaa sawasawa kichwani ni dhaifu kuliko kofia ya bei nafuu inayokaa vizuri. Kabla ya kununua, mwananchi afuate hatua zifuatazo.

Kwanza, apime kichwa. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Uzungushwe kichwani juu kidogo ya nyusi na kupita sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi. Kofia nyingi huandikwa ndani kipimo chake kwa sentimita, kwa mfano 54 hadi 58. Mwenye kichwa cha sentimita 57 anunue iliyo ndani ya kipimo hicho, wala asichukue kubwa zaidi kwa hoja kwamba atazidisha kitambaa ndani.

Pili, aangalie alama ya ubora. Ndani ya kofia kuna karatasi au chapa inayotaja kipimo ilichofaulu. Kwa kofia zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya alama hiyo ni EN 1078, na kwa soko la Marekani ni CPSC. Kofia isiyo na alama yoyote inaweza kuwa kichezeo cha watoto kilichopewa umbo la kofia.

Tatu, aivae na kuijaribu. Ikae bapa kichwani, na ukingo wake wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili. Kofia iliyorudi kisogoni huacha paji la uso wazi, nalo ndilo linalotangulia chini. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio, na mkanda wa kidevuni uruhusu kidole kimoja au viwili kupita, si zaidi. Kisha atikise kichwa kabla ya kufunga mkanda: kofia inayofaa haichezi.

Nne, aangalie matundu ya hewa. Katika joto la Unguja, hasa msimu wa kaskazi, kofia isiyopitisha hewa huishia kuning'inizwa kwenye usukani, na huko haimkingi mtu. Kwa sababu hiyo, kofia ya pikipiki si mbadala mzuri kwa anayesukuma pedali mwendo mrefu: ni nzito na huhifadhi joto.

Kwa njia za kawaida kofia ya nusu kichwa inatosha. Kwa njia za mawe ni bora kuchagua ile inayoshuka zaidi kisogoni na pembeni mwa kichwa. Kofia inayofunika uso mzima huhitajika kwa wanaoshuka miteremko mikali kwa kasi au kuruka vizingiti.

Tahadhari kuhusu kofia za mitumba

Kofia nyingi zinazouzwa sokoni zimekwishatumika. Bei yake ni nafuu, na si vibaya mwananchi kutafuta nafuu. Hata hivyo shati la mtumba lililochakaa huonekana kwa macho, ilhali kofia iliyokwisha kazi yake inaweza kupakwa rangi na kung'aa. Mnunuzi haelezwi kama mwenye kofia wa kwanza alianguka nayo.

Anayelazimika kununua ya mtumba afanye ukaguzi huu. Avue vitambaa vya ndani na kulitazama povu kwenye mwanga wa jua: ufa mwembamba kama unywele, sehemu iliyobonyea au iliyoachana na gamba ni sababu ya kuikataa. Aibane kofia kwa mikono miwili kutoka pembeni na kusikiliza, kwani mlio wa kukwaruza au kupasuka ni dalili ya povu lililovunjika. Aangalie tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi huwa ndani. Watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka michache, kwa kawaida kati ya 3 na 5, hata kama haijagonga chini. Mwisho, aifunge na kuifungua mara kadhaa ili kuhakikisha kifungo cha kidevuni hakiachii. Kofia iliyopakwa rangi upya iachwe, kwa kuwa rangi huficha nyufa, na baadhi ya rangi na vimumunyisho hula plastiki na povu.

Kofia nzuri nayo huharibika kwa matunzo mabaya. Isioshwe kwa petroli wala tina; maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Isiachwe juani siku nzima wala nyuma ya kioo cha gari. Na ikishagonga chini kwa nguvu, hata mara moja, ibadilishwe.

Mikono, macho, miguu na mavazi

Anayeanguka hutanguliza mikono. Glavu huzuia ngozi ya kiganja kuchunika na huusaidia mkono wenye jasho kushika usukani bila kuteleza. Kinga za magoti na viwiko ziwe za kubana bila kuzuia damu, na zisishuke mtu anapozungusha pedali. Ajaribu kupanda nazo kabla ya kulipa.

Miwani si anasa. Mchanga unaopeperushwa na upepo wa kusi, mdudu wa jioni au tawi la kichakani huweza kumfumba mtu macho kwa sekunde mbili, na muda huo unatosha kuingia katikati ya barabara. Mchana hutumika miwani ya kivuli, na kuanzia Magharibi ile ya kioo cheupe.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli isiyopindika kirahisi. Ndara huteleza kwenye pedali, hunasa, na huacha vidole wazi mbele ya jiwe na mnyororo. Kamba za viatu ziingizwe ndani.

Mavazi yetu ya heshima yanahitaji mazingatio maalumu. Pindo la buibui, kanzu au kanga likiingia kwenye mnyororo au spoki huisimamisha baiskeli ghafla na kumtupa aliyeipanda. Dawa yake ni rahisi: kifuniko cha mnyororo, wavu wa kuzuia nguo kwenye gurudumu la nyuma, na pindo lililokusanywa na kubanwa kabla ya kupanda. Aliyebebwa nyuma akiwa amekaa upande naye akusanye nguo zake na kuweka miguu mbali na spoki. Kwa wanaovaa hijabu, kitambaa chembamba kisicho na pini wala fundo juu ya kichwa hukaa vizuri chini ya kofia ngumu, lakini ushungi mnene wenye mikunjo huinua kofia na kuifanya icheze. Vivyo hivyo, kofia ya kiua ivuliwe kwanza na kutiwa mfukoni.

Nguo ya juu iwe ya rangi inayoonekana. Kwa anayerudi jioni, kizibao cha kuakisi mwanga humwonesha kwa dereva mapema zaidi kuliko shati jeupe. Watoto wengi hurudi kutoka chuoni wakati jua likizama, na giza la visiwa vyetu huingia haraka. Taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na viakisi mwanga kwenye magurudumu na pedali ni vifaa vya bei ndogo ambavyo mzazi hapaswi kuvichelewesha.

Watoto

Mtoto asinunuliwe kofia ya kukulia. Kofia inayomzidi hurudi nyuma au huziba macho, na yote mawili ni hatari. Baiskeli yenyewe imtoshe: anapokaa kitini, ncha za miguu yake zifike chini. Baada ya kushuka avuliwe kofia kabla ya kwenda kucheza. Mkanda wa kidevuni ukinasa kwenye tawi la mwembe au kwenye bembea unaweza kumnyonga.

Kagua baiskeli kabla ya kupanda

Kinga iliyo bora kuliko zote ni ajali ambayo haikutokea, na ajali nyingi huzuiwa kwa ukaguzi wa dakika moja. Mwendeshaji aangalie hewa, breki na mnyororo.

Hewa ya tairi ifuate kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Breki zikamatwe moja moja huku baiskeli ikisukumwa: gurudumu lisimame kabla mkono wa breki haujagusa usukani. Mnyororo usiwe mkavu wala usilegee, na usukani usizunguke peke yake gurudumu la mbele linapobanwa kati ya magoti. Hewa ya chumvi ya pwani hula waya za breki kwa ndani, hivyo aliyepita ufukweni aisuuze baiskeli kwa maji baridi, aikaushe na kuitia mafuta mnyororo.

Wanaonunua baiskeli zilizotumika kutoka nje wazingatie jambo moja lisilofahamika na wengi. Baiskeli za Japani na Uingereza kwa kawaida huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Nyingi za nchi nyingine za Ulaya huwa nayo kushoto, na baadhi ya zile za Uholanzi na Ujerumani hufungwa breki kwa kurudisha pedali nyuma. Anayeikamata breki ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma anaweza kuruka juu ya usukani. Kabla ya safari ya kwanza, mpandaji ajifunze breki zake mahali tambarare na pasipo watu. Wenye biashara ya kukodisha wamweleze kila mteja jambo hili, wampe kofia inayomtosha, na wamkumbushe kuwa huku kwetu tunapita kushoto.

Ndani ya Mji Mkongwe

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa kipimo cha mtu anayetembea. Katika vichochoro vya Mkunazini, Kiponda, Hurumzi na Shangani, mlango hufunguka moja kwa moja njiani, wazee hukaa barazani, watoto hucheza, na vespa hutokea kwenye kona isiyoonekana.

Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni zaidi ya mita 5 kwa kila sekunde. Mtu huhitaji takribani sekunde moja kutambua hatari na kubana breki, na katika muda huo atakuwa ameshapita mlango, baraza na kona. Kwa hiyo, ndani ya vichochoro mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka, kengele ipigwe kabla ya kila kona, na penye msongamano mtu ashuke na kukokota. Wachukuzi wa mji huu walizoea kuomba njia kwa kuita “Simile!”, na adabu hiyo inamfaa pia mwenye baiskeli. Mwenye njia ya kwanza hapo ni aendaye kwa miguu.

Mvua inaponyesha, mawe ya njia yaliyolainishwa na nyayo za miaka mingi huteleza. Breki zibanwe mapema na kwa upole, na baiskeli isilazwe kwenye kona. Nje ya vichochoro, kwenye eneo la Darajani, hatari ni daladala zinazosimama ghafla na abiria wanaoshuka. Mwendeshaji asipenye kati ya daladala na ukingo wa barabara, bali asubiri mpaka iondoke.

Barabara kuu na njia za mashamba

Katika barabara ya kuelekea Nungwi kupitia Mahonda, na ile ya Paje kupitia Tunguu na Jozani, baiskeli hushiriki lami na magari yanayokwenda kasi. Mwendeshaji apite kushoto, lakini asijibanze kabisa ukingoni palipomomonyoka, kwani gurudumu likitumbukia nje ya lami humwangusha kuelekea magari. Waendao kundi wapange mstari mmoja. Kabla ya kukata kona atazame nyuma na kunyoosha mkono. Simu na vifaa vya masikioni viwekwe mfukoni, kwa kuwa mara nyingi sikio huijua gari kabla ya jicho.

Jozani yapo matuta yaliyowekwa kuwalinda kima punju wanaovuka barabara, mnyama ambaye makazi yake ya asili ni Zanzibar peke yake. Matuta hayo, pamoja na mengine ya vijijini, huweza kumrusha anayeyavamia kwa kasi. Apunguze mwendo kabla ya tuta, asimame kwenye pedali huku magoti yamekunjwa kidogo, na kulivuka kwa gurudumu kunyooka.

Katika njia za misitu na makonde sheria ya kwanza ni kutazama mbele, mbali kiasi cha kuweza kusimama. Mteremko hushukwa kwa kurudisha uzito nyuma na kutumia breki zote mbili kwa kiasi. Anayekwenda peke yake amwarifu mtu wa nyumbani njia atakayopita na saa ya kurudi. Maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha, na safari ndefu ianze alfajiri kabla ya jua kali. Katika mwezi wa Ramadhani, aliyefunga apunguze mwendo na masafa, na asishindane na adhana ya Magharibi. Tende moja na maji njiani ni bora kuliko futari inayomngoja mtu aliye hospitali.

Ajali ikitokea

Aliyefika kwanza ahakikishe eneo ni salama, awaoneshe madereva ishara ya kusimama au kupunguza mwendo, kisha apige simu ya dharura namba 112. Majeruhi anayelalamikia shingo au mgongo, au asiyejitambua, asiinuliwe wala kukalishwa isipokuwa kama kuna hatari kubwa zaidi mahali hapo. Asivuliwe kofia kwa nguvu, na asinyweshwe kitu. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia.

Kosa linalogharimu maisha ni kumwamini aliyeinuka mwenyewe na kusema hana neno. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu taratibu na dalili zikaonekana baada ya saa kadhaa. Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake katika saa 24 za mwanzo. Akitapika mara kwa mara, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, akipatwa na degedege, akiumwa na kichwa kinachozidi, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali mara moja: Kivunge kwa walio Kaskazini, Makunduchi kwa walio Kusini, au Mnazi Mmoja kwa walio mjini. Jeraha la jiwe la matumbawe lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, na majeruhi aulizie kituoni chanjo ya pepopunda.

Wajibu wa pamoja

Umoja wa Mataifa umeutangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa hatua za usalama barabarani, kwa lengo la kupunguza vifo na majeruhi kwa angalau nusu. Lengo hilo hutimizwa katika ngazi ya nyumba na shehia. Mzazi anayenunua baiskeli aihesabu kofia na taa kuwa sehemu ya bei yake. Mwalimu wa skuli na wa chuoni awakague watoto wanapoondoka jioni. Fundi wa mtaani asimrudishie mteja baiskeli yenye breki mbovu bila kumwambia. Dereva naye ampe mwenye baiskeli nafasi ya kutosha anapompita, angalau mita moja na nusu.

Kwa mwananchi mwenye kipato kidogo, mpangilio wa manunuzi uwe huu: kwanza breki zinazoshika, pili kofia ngumu nzima inayomtosha, tatu taa, nne viatu na glavu, kisha kinga nyingine kulingana na njia anayopita. Na kofia hiyo ivaliwe kila safari, hata ile fupi ya kwenda dukani, kwa sababu kichwa kikigonga chini hakiulizi safari ilikuwa ya umbali gani.